Mshamu na Mtihani wa Mbuzi na Kisu

Hapo zamani, wakati uongo ulipokuwa bado mchanga na wenye kuusema wakiona haya, palikuwa na mji uitwao Ndarama, na Sultani wa mji huo jina lake Mahadhi. Sultani Mahadhi hakuwa katili wala hakuwa mwema. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yanyooke, hata yale ambayo Mungu ameyaumba yamepinda. Na kitu alichojivunia kuliko hazina yake na wake zake kilikuwa ubao.

Ubao huo ulikuwa mpana kama mlango wa msikiti, umechongwa matundu manne manne, safu chini ya safu. Kila safu ni swali, kila tundu ni jawabu. Mtahini Mkuu, Sheikh Burhani, ndiye aliyekuwa akitia punje ya kunde katika tundu lililo sahihi la kila safu, kisha ubao ukafunikwa hariri, ukatiwa lakiri pembe zote, ukaitwa Ubao Mama. Wanafunzi nao kila mmoja hupewa kibao chake kidogo na kunde zake. Huketi uani kwa Sultani wakasomewa maswali, na kila mtu akatia kunde pale anapoona ndipo. Kibao kikifanana na Ubao Mama, mwenye nacho huwa karani wa Sultani, akavaa kilemba, akaisahau njia ya kwao. Kisipofanana, hurudi nyumbani akangoja mwaka mwingine.

Na kwa kuwa Ubao Mama ulikuwa kitu cha heshima, haikuwezekana kuuchukua kimya kimya kama jeneza la fukara. Asubuhi ya mtihani wachukuzi wanne huuinua vichwani, mbele siwa ikipulizwa, nyuma ngoma, wakauzungusha mji mzima kwa nderemo na vigelegele, wakiruka mitaro na kupanda ngazi, nao wachukuzi wakicheza, maana ngoma ikilia hata mguu wenye kidonda hautulii. Watu wa Ndarama waliipenda siku hiyo kuliko Idi.

Katika mji huo alikuwako mtu aitwaye Mshamu, maskini wa kutupwa, mvi zimemjaa kidevuni, na kila mwaka alikwenda kuketi mtihani pamoja na watoto wadogo. Watu wakimcheka. Wakisema, "Mshamu, ndevu hizo si za kufutia kibao." Naye akiwajibu, "Elimu haina mwisho, ndugu zangu." Lakini haikuwa elimu. Ilikuwa wali.

Desturi ilikuwa kwamba Sultani huwalisha watahiniwa wote tangu siku ya ngoma hadi siku ya matokeo, wali wa nazi na nyama, masinia yakifuatana. Anayefaulu halishwi tena, anayeanguka mwakani hurudi. Basi Mshamu akawa anaanguka kwa bidii, na kuanguka kwa bidii si kazi nyepesi. Mwaka mmoja alitia kunde ovyo ovyo akiwa amefumba macho, nusura awe karani; alitokwa na jasho mpaka viganjani.

Na katika kula huko palikuwa na sheria. Babu yake Sultani aliuawa kwa halua iliyotiwa sumu, basi mrithi wake akaamrisha maneno yachongwe juu ya mlango wa baraza: *Kila kiwekwacho mbele ya mtu, aliyekiweka na aonje kwanza.* Sheria hiyo haikuwa na mkubwa wala mdogo. Mpishi wa kasri, Bi Kibibi, alikuwa hana budi kuonja kila sinia mbele ya watahiniwa kabla hawajanawa mikono, ndiyo maana alikuwa akipita milangoni kwa ubavu.

Basi ikawa mwaka huo Waziri Shebe akaenda kwa Sultani, akainama, akasema, "Bwana wangu, ukuta wa kasri wataka chokaa. Chokaa yataka watu, na watu, kwa tabia yao mbaya, wataka ujira. Lakini mtu aliyeanguka mtihani, Bwana, atadai ujira kwa ulimi gani?"

Sultani akaliona ni jambo lililonyooka. Ikapigwa mbiu ya mgambo kwamba atakayeanguka mwaka huu atakwenda kwenye tanuri kuchoma chokaa, mpaka ukuta wa kasri ukamilike. Na ukuta huo ulianza kujengwa Sultani mwenyewe angali akinyonya.

Mshamu aliposikia, alijifunga shuka lake vizuri akasema moyoni, "Mwaka huu wali umepata mfupa." Angeweza kubaki nyumbani akafa njaa kwa amani. Lakini alikuwa na mpwa wake, Zamda, mtoto wa dada yake marehemu. Alimlea peke yake, siku za wali kwa wali na siku zisizo na wali kwa maneno. Binti huyo alikuwa amekwisha kujiandikisha. Jina likishaandikwa kasrini halifutiki.

"Jitie maradhi," Mshamu akamwambia.

"Sina maradhi, mjomba."

"Hata ya kuazima?"

"Nitafaulu," akasema Zamda. "Nikishakuwa karani utakula nyama bila kuanguka."

Mshamu akamtazama, akaona mtoto huyu kapata akili za watu wengine. Asubuhi wakaondoka pamoja.

Ngoma ikapigwa, ubao ukazungushwa, ukawekwa juu ya kiti chake cha mpingo. Waziri Shebe akasoma maswali kwa sauti ya puani. Mambo yakaenda vizuri hata likafika swali moja, na swali lenyewe ndilo hili: *Mbuzi na kisu…* Kisha kila mtu achague mwenyewe. Tundu la kwanza, *wamepotea*. La pili, *vimepotea*. La tatu, *yamepotea*. La nne, *umepotea*, nalo liliwekwa ili wanafunzi wapate pa kucheka.

Pakasikika kunde zikiingia, kisha zikitolewa, kisha zikiingia kwingine. Mshamu yeye alitazama kunde yake, akaona imeiva vizuri, akaila.

Walipotoka nje, mjadala ukaanza kabla viatu havijavaliwa.

"Wamepotea!" akasema Zamda. "Mbuzi ana roho. Mwenye roho hutangulia mbele ya kisicho na roho."

"Atangulie wapi?" akajibu Dadi, mtoto wa mhunzi, kijana wa mabega mapana na sauti ya nyundo. "Vimepotea! Kisu utakisemaje wamepotea, kilikwenda kwa miguu?"

"Na mbuzi utamsemaje vimepotea, ana mpini?"

"Kisu ndicho kilicho karibu na neno. Jirani ni bora kuliko ndugu wa mbali."

"Haya, na ingekuwa Sultani na kisu? Sema, Dadi: Sultani na kisu vimepotea. Sema kwa sauti, mlinzi yule pale, na masikio yake mawili."

Dadi akamtazama mlinzi. Wa upande wa Zamda wakashangilia. Lakini mwingine wa upande wa Dadi akadakia, "Sultani si mbuzi!" na hapo yule mlinzi akageuka kweli. Basi wakasukumana, wakaitana majina ya wazazi, kibao kikaruka, kikafuatwa na kiatu. Mtoto mmoja aliyetia tundu la tatu akapigwa na pande zote mbili kwa kukosa wenziwe.

Kelele zikapanda mpaka dirishani kwa Sultani Mahadhi, aliyekuwa amejinyoosha baada ya chakula cha mchana. Akaamka na jicho moja. Akaamrisha waletwe wote barazani.

"Kimetokea nini?" akauliza. "Nani kamuua nani?"

"Hakuna maiti, Bwana," akasema Zamda, akipiga goti. "Ni mbuzi na kisu."

Wakamweleza. Na kadiri walivyomweleza, ndivyo wengi wa barazani walivyoanza kunong'onezana wao kwa wao, na hata walinzi wawili wakakunjiana nyuso. Sultani akaona ugonjwa huu unaambukiza.

"Nyamazeni! Katika nchi yangu swali lina jawabu moja, kama kiti kilivyo na mkaaji mmoja. Kesho, kabla ya siku yake, Ubao Mama utafunuliwa, na ambaye kunde yake haikufuata atabeba kapu la chokaa, sina zaidi."

Dadi mtoto wa mhunzi, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, akaanza kulia. Sultani, ambaye hakupenda kelele za aina yoyote, akaongeza kwa kuudhika, "Au basi nileteeni mtu mmoja atakayenipa jawabu ambalo hapana mtu katika baraza hili atakayelipinga. Akilitoa, nitawaachilia nyote. Akishindwa, mtakwenda nyote, wa tundu la kwanza na wa tundu la pili, na yeye atakuwa wa mbele kwenye mdomo wa tanuri."

Watu wakatazamana. Jawabu lisilopingwa, na wanaulizwa Waswahili! Hata salamu barazani hapo ilikuwa haipiti bila mpinzani.

Ndipo Mshamu akainuka kutoka nyuma, akijifuta midomo. "Mimi hapa, Bwana wangu. Lakini mtu haendi kwenye jawabu na tumbo tupu. Hadi kesho nitataka sinia langu peke yangu."

Baraza zima likacheka. Sultani akasema, "Apewe."

Walipotoka Zamda akamvuta shuka. "Mjomba, umeingia kwa ajili ya wali?"

"Ulitaka niingie kwa ajili ya mbuzi?"

"Nambie basi jawabu ni lipi."

"Sijui."

"Hujui! Mjomba, utaunguzwa. Na mimi nitabeba makapu mpaka nizeeke."

"Wewe unajua jawabu, au hujui?"

"Nalijua. Ni wamepotea."

"Na yule wa mhunzi?"

"Yeye anasema… yeye naye anajua lake."

"Basi mnaojua mmeshatufikisha kwenye tanuri," akasema Mshamu. "Niache mimi nisiyejua nitazame njia ya kurudi." Akala sinia lile, akampa nusu, akalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, baraza likafurika. Sultani juu ya kiti, kulia Waziri Shebe, kushoto Sheikh Burhani, na katikati Ubao Mama umelala chini ya hariri yake. Wanafunzi wamepangwa ukutani, na mwenye kutawala makapu ya chokaa naye kaja, kasimama mlangoni akiwapima mabega kwa macho.

Waziri Shebe akasoma lile swali upya kwa sauti yake ya puani, kisha akasema, "Haya, Mshamu. Swali liko mbele yako. Jibu."

Mshamu akalitazama baraza, akautazama mlango, akainua macho hadi juu ya mlango. "Bwana wangu," akasema, "mimi sikusoma, nakuomba unisomee maneno yale."

Sultani akasoma, maana yalikuwa ya babaye: "Kila kiwekwacho mbele ya mtu, aliyekiweka na aonje kwanza."

"Yasema kila chakula?"

"Yasema kila kiwekwacho."

"Na Waziri amesema sasa hivi, na masikio yote haya yamesikia, kwamba swali limewekwa mbele yangu. Nami, Bwana, swali hili naliogopa. Limeshawageuza watoto hawa nyama ya tanuri. Sitalitia mdomoni mpaka walioliweka walionje."

Pakawa na mvumo. Waziri akasema, "Upuuzi!" Lakini Bi Kibibi mpishi, aliyekuwa amekaa pembeni na pumzi zake, akasema kwa sauti, "Kwani mimi huonja kwa raha zangu? Mwaka juzi mchuzi uliungua, nikaonja. Sheria ni sheria, na wao waonje!" Watu wakaitikia, "Kweli! Waonje!"

Sultani hakuwa mtu wa kuivunja sheria iliyochongwa juu ya mlango wake mwenyewe; tena alidhani ni jambo jepesi. "Nani kaliweka?" akauliza.

"Sheikh Burhani kalipika," akasema Mshamu, "Waziri kalipakua, na wewe, Bwana, sinia ni lako."

Basi vikaletwa vibao vitatu na kunde tatu. Mshamu akaomba kila mmoja atie kunde yake chini ya mkono wa kanzu, bila kunong'ona na mwenziwe, "maana mpishi huonja kwa ulimi wake." Sultani akatia upesi. Sheikh Burhani akatia, akatoa, akafuta jasho, akatia. Waziri Shebe hakukitazama kibao chake hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye kiwiko cha Sultani, kikienda huku naye huku, kikirudi naye akarudi.

Mikono ikainuliwa. Kunde ya Sultani ilikuwa tundu la kwanza, *wamepotea*. Ya Sheikh Burhani ilikuwa la pili, *vimepotea*. Na ya Waziri Shebe, kwa kuwa kiwiko cha mtu si kitabu, ilikuwa la tatu.

Yule mtoto aliyepigwa na pande zote mbili akapiga ukelele wa furaha, wenziwe wakamziba mdomo.

Mshamu akainama mpaka chini. "Sasa, Bwana wangu, ufunue ubao. Swali lina jawabu moja, na kunde hizi ni tatu. Tujue wawili gani watakaokwenda kwa yule bwana wa makapu."

Mwenye makapu pale mlangoni akababaika, asijue ayatazame mabega ya nani. Sultani akanyoosha mkono juu ya hariri, mkono ukasimama. Akamtazama Sheikh Burhani. Sheikh alikuwa akihesabu maua ya zulia. Ubao ukimkubali Sheikh, Sultani wa Ndarama atachoma chokaa kwa amri ya Sultani wa Ndarama.

"Bwana," akasema Waziri kwa sauti ndogo, "hariri hii ni ya zamani. Hewa itaiharibu."

Hakuna aliyecheka. Zamda ukutani alikuwa ameshika mkono wa Dadi wa mhunzi na wala hakujua ameushika.

"Ama tuiache kidogo," akasema Mshamu, "kwani Bwana hakunitaka tundu. Alinitaka jawabu lisilopingwa. Na sasa kwa kuwa swali limeonjwa na hakuna aliyekufa, nitalijibu."

"Jibu," akasema Sultani, upesi kuliko alivyokusudia.

"Mbuzi hayuko. Kisu hakiko. Siku moja, nyumba moja. Nyinyi mmekaa tangu jana mnatafuta neno la kusema kupotea. Mimi mtu wa njaa, Bwana, nawaambia hakuna kilichopotea hapo. Mbuzi akiondoka peke yake, kapotea. Kisu kikiondoka peke yake, kimepotea. Lakini mbuzi akiondoka pamoja na kisu, mbuzi kaliwa, na mwenye nyumba akamtazame jirani anayefuka moshi." Akageuka. "Anayepinga na asimame."

Hakusimama mtu. Wa kwanza hawakusimama wala wa pili. Mzee mmoja aliyejulikana kwa kupinga hata mwezi ulioonekana aliinuka nusu, akafikiri, akaketi. Sheikh Burhani mwenyewe akaitikia kwa kichwa, akasema taratibu, "Kaliwa. Naam. Hilo ni kweli."

Sultani akauma mdomo. Akainua pembe moja tu ya hariri, akachungulia peke yake. Akaiteremsha. Akaiinua tena. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kilemba kikamwinamia jicho, akacheka mpaka akashika mguu wa kiti.

"Mshamu," akasema alipopata pumzi, "njoo utazame."

Mshamu akaenda, akachungulia. Kunde ya safu ile ilikuwa imekaa katika tundu la nne, lile la kuchekesha, imetulia kama bibi harusi. Na safu ya juu yake haikuwa na kunde kabisa, na safu ya chini ilikuwa nazo mbili tundu moja. Ngazi, mitaro, siwa na vigelegele! Kunde nazo zilikuwa na masikio, zilicheza ngoma mji mzima, kila mwaka, tangu enzi za babu. Ndipo Mshamu akajua ni nini kilichotaka kumfanya karani mwaka ule alipofumba macho.

Sultani akajipangusa machozi, akamgeukia Waziri. "Shebe, mwaka ule uliofaulu wewe, ukawa wa kwanza Ndarama nzima, ngoma ilikuwaje?"

Waziri akajivuna. "Haijapata kupigwa mfano wake, Bwana wangu! Wachukuzi walianguka mara mbili!"

Sultani akacheka upya, na safari hii ilibidi apepewe. Akawaachilia wanafunzi wote. Na kwa kuwa chokaa ilikuwa bado yatakiwa, na Waziri ndiye aliyekuwa na hamu nayo, akampa usimamizi wa tanuri, tena akae karibu, ahesabu makapu kwa mkono wake. Mwaka uliofuata watahiniwa waliulizwa kwa mdomo, na aliyejibu vingine aliulizwa kwa nini. Watu wa Ndarama walilalamika sana, maana walikosa ngoma.

"Nawe, Mshamu," akasema Sultani, "taka utakacho."

"Nipe mbuzi na kisu, Bwana."

Akapewa beberu aliyenona na kisu kikali, Zamda akashika kamba, wakenda zao.

Baada ya siku kidogo Sultani akamtuma mjumbe kwenda kuulizia habari za mbuzi na kisu. Mjumbe akafika kibandani kwa Mshamu, akamkuta ameketi na mpwa wake juu ya jamvi, moshi umetanda, sufuria inachemka, na zizini hamna kitu. Mjumbe akafungua kinywa aulize. Akatafuta neno la kuanzia. Akalikosa. Akafunga kinywa, akaivuta harufu, akavua viatu.

Mshamu akamegua pande la paja, akalionja yeye kwanza, kisha akamwekea mbele yake.